Mtoto Ameitwa Timu Inayosafiri: Hatua za Kufuata Kabla ya Kutoa Pesa

Kocha amemwona mwanao akicheza, pengine Tononoka jioni, pengine kwenye mechi ya shule, na sasa amepiga simu. Anasema mtoto ana kipaji. Timu yake ya chini ya miaka 13 itasafiri likizo ya Agosti, Malindi kwanza kisha Nairobi, na nafasi zilizobaki ni mbili tu. Ada ilipwe kabla ya Ijumaa. Mtoto keshasikia, usiku halali. Mjomba naye keshasikia, ameanza kumwita kwa jina la mchezaji wa Ulaya.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye katika hali hiyo. Nimelea watoto wanaocheza mpira katika mji huu wa Mombasa, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze kwa kuuliza kama mtoto ana kipaji. Anza kwa kuuliza wiki yake itakuwaje, kisha uliza ni watu gani watakaomwangalia akiwa mbali nawe. Kipaji kinafuata baada ya hayo mawili.

Kwa hivyo usilipe wiki hii. Mwambie kocha kwa heshima: "Kocha, shukrani sana kwa kumwona mtoto. Nipe wiki tatu nipange mambo ya nyumbani, nitakupa jibu." Kocha anayeijua kazi yake atakubali, maana yeye pia hataki mtoto anayeingia leo akatoka mwezi ujao. Anayekataa kusubiri, akakwambia kuna mwingine atachukua nafasi kesho, amekusaidia kuamua.

Hatua ya 1: Zungumza na mtoto mkiwa wawili

Isiwe mbele ya kocha, wala mbele ya babu aliyechezea timu ya mtaa enzi zake. Mchukue mwende dukani, au mzungumze mkiwa kwenye feri. Watoto husema mengi wakiwa njiani kuliko wakikalishwa kitako sebuleni.

Usimuulize "Unataka kujiunga?" Jibu la hilo unalijua. Muulize: "Wakikuweka benchi mechi tatu mfululizo, utataka kuendelea?" Muulize: "Harusi ya binamu yako ikiangukia siku ya mechi, utafanyaje?" Halafu muulize kwa upole: "Kuna mtu yeyote kwenye timu hiyo ambaye hupendi kuwa karibu naye?" Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Likipata kimya au bega linalopandishwa, usilipite. Lirudie siku nyingine, kwa maneno mengine.

Sikiliza anachokitaja kwanza. Mtoto anayeongelea jezi, treni na kulala Nairobi anataka safari, na safari unaweza kumpa siku yoyote ya likizo bila ada ya timu. Anayekueleza jinsi alivyokosa bao jana na namna atakavyolifunga kesho anataka mpira.

Kuhusu umri, mimi kwa mtoto wa chini ya miaka 10 nasema hapana, na sababu ni moja. Timu ya kusafiri inachagua watoto wa kushinda Jumamosi hii. Katika miaka hiyo anayeshinda Jumamosi mara nyingi ni yule aliyetangulia kukua: aliyezaliwa Januari akicheza na waliozaliwa Novemba, au aliyerefuka mapema. Ukifika miaka 15 wenzake wamemfikia, na yule mdogo aliyeachwa nje ndiye sasa anayepiga chenga. Mtoto wa miaka 8 anahitaji kuugusa mpira mara nyingi, kukimbia, kuogelea, kupanda miti, kucheza rede. Hayo yote yanapatikana mtaani bila nauli.

Kama aliyeitwa ni binti, hatua ni hizi hizi. Wapo wazazi wanaohofia refa atamzuia binti anayevaa hijabu. Bodi inayotunga sheria za mpira duniani iliruhusu rasmi vazi la kichwani mwaka 2014, mradi limebana vizuri na halina pini. Hofu hiyo iondoe. Nguvu zako zipeleke kwenye swali la nani mwanamke atakayesafiri na timu, nitakalolirudia.

Hatua ya 2: Iandike wiki nzima kwenye karatasi

Hapa ndipo familia nyingi zingepata jibu bila kubishana. Chukua karatasi, andika Jumatatu hadi Jumapili, na kila siku andika saa: kuamka, shule, chuo (madrasa), chakula, kazi ya shule, njia, mazoezi, kulala. Usiiache njia. Mombasa njia ni nusu ya hesabu.

Tuchukue mtoto wa Gredi 7 anayeishi Mtongwe na timu inayofanya mazoezi Mbaraki, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, siku tatu kwa wiki. Shule ikitoka saa tisa na dakika arobaini, lazima aondoke moja kwa moja na begi mgongoni, apande gari hadi Likoni, avuke, ashike tuktuk. Akifika amechelewa kidogo na hajala kitu tangu saa saba. Kurudi ndiko kuzito zaidi. Saa kumi na mbili ndiyo saa ambayo wafanyakazi wa mjini wote wanarudi Likoni, na foleni ya miguu kwenye feri imejaa hadi juu. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini muda unaulipa. Maghrib inampata njiani, na nyumbani anaingia giza limeshika. Hapo hajaoga, hajala, hajafungua daftari. Na kesho ataamka saa kumi na moja.

Mtoto wa Tudor anayetembea kwa miguu hadi Tononoka hana shida hiyo hata kidogo. Ndiyo maana sishangai familia mbili zikiipima timu ile ile na kupata majibu tofauti, na zote mbili zikawa sawa.

Baada ya kuandika, jumlisha saa za mazoezi na mechi. Wataalamu wa afya ya michezo ya watoto huko Marekani wanashauri saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto: wa miaka 11 asivuke saa 11. Wanashauri pia angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo huo, hata ikigawanywa vipande vipande. Muulize kocha: "Mwaka mzima, mnapumzika lini?" Timu isiyo na mapumziko inamchosha mtoto kabla mwili wake haujamaliza kukua.

Chuo nacho kina nafasi yake kwenye karatasi. Kwa familia za Kiislamu, mwendee maalim kabla ya kumjibu kocha, si baada. Maalimu wengi watakubali mtoto ahamie darasa la asubuhi ya wikendi ukiwaeleza mapema. Wanachokichukia ni mtoto kutoweka kimya kimya, kisha waambiwe alikuwa uwanjani. Kwa Wakristo, angalia mechi za Jumapili asubuhi, na kwa Wasabato zile za Jumamosi. Muulize kocha pia Ramadhani anafanya nini na watoto waliofunga. Jibu zuri ni kupunguza mazoezi au kuyapeleka baada ya tarawehe. Anayewakimbiza watoto wenye saumu saa kumi jioni hafai kuachiwa mtoto.

Mwisho wa karatasi, weka mitihani. Gredi 6 wana KPSEA, Gredi 9 wana KJSEA iliyoanza kufanywa 2025, na yote huangukia mwisho wa mwaka. Iombe ratiba ya timu ya Oktoba na Novemba. Kama mtoto yuko Gredi 9 na timu ina mashindano miezi hiyo, mjadala umeisha.

Hatua ya 3: Nenda uwanjani mara mbili, na mara moja usiwaarifu

Usikae karibu na kocha. Kaa ng'ambo, mahali ambapo watoto wanakuja kunywa maji, maana pale ndipo wanapozungumza.

Kwanza hesabu mipira. Watoto 24 na mipira miwili maana yake ni foleni: kila mmoja anasubiri, anapiga mara moja, anarudi nyuma. Chagua mtoto mmoja wa kawaida, mtazame dakika kumi, uhesabu mara ngapi ameugusa mpira. Nafanya hivyo kila ninapoangalia timu mpya, na dakika hizo kumi hunieleza mengi kuliko vikombe vyote vilivyopangwa ofisini.

Kisha mtafute mchezaji dhaifu kuliko wote. Angalia kocha anamwita kwa jina lake au kwa jina la utani la kumdhalilisha. Kipa akifungwa bao rahisi, tazama uso wake unageukia wapi. Anayeufuata mpira wavuni aurudishe kati amefundishwa vizuri. Anayemtazama kocha kwa woga kabla hata mpira haujatulia, huyo kuna kitu amezoea kukipata. "Unacheza kama msichana," "wewe mzigo," "rudi kwenu ukauze maandazi": maneno haya yakitoka mara moja ni hasira, yakitoka mara tano jioni moja ndiyo malezi ya timu hiyo, na mwanao atarudi nayo nyumbani.

Angalia wanavyoanza. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa 11+, na yapo mengine kama hayo kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Yametengenezwa kupunguza majeraha, hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na yanachukua kama dakika ishirini. Kocha anayeyajua atafurahi ukimuuliza. Kuzunguka uwanja mara mbili kisha moja kwa moja kupiga mashuti hakutoshi.

Angalia mpira wa kichwa. Marekani, shirikisho lao lilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga kichwa tangu 2015. Sisi hatuna lazima ya kuwafuata kwa kila jambo, lakini watoto wa miaka 9 wakipangwa mstari warushiwe mpira wa kupiga kichwa mara thelathini, ondoka na mwanao. Uliza pia: "Mtoto akigongwa kichwa mnafanyaje?" Jibu sahihi ni kwamba anatoka, harudi tena siku hiyo, na mzazi anapigiwa simu.

Swali jingine la mwili ni magoti na visigino. Watoto wa miaka 10 hadi 14 wanaokua haraka hupata maumivu na uvimbe chini tu ya goti, pale mshipa wa paja unaposhika mfupa wa ugoko, au nyuma ya kisigino. Yanatokana na mfupa kukua huku ukivutwa na misuli inayofanya kazi nyingi, na dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi kwa muda. Kupakwa dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani si tiba. Na kama mtoto hajawahi kupimwa siseli (selimundu, ugonjwa wa chembe za damu), mpime kabla hajaanza mazoezi mazito. Ugonjwa huo upo Pwani, na kukimbia juani bila maji ni hatari kwa aliye nao.

Joto nalo. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, saa nane mchana kwenye uwanja wa vumbi usio na mti hapana mahali pa mtoto. Tazama kama kuna kivuli, kama maji yanatolewa kila baada ya muda au mtoto anayaomba kama sadaka. Mtoto mwenye kizunguzungu, kichefuchefu au maneno yasiyoeleweka apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, na kama hapati nafuu haraka akimbizwe hospitali. Muulize kocha nani kati yao amesomea huduma ya kwanza, na sanduku liko wapi. Aende akalichukue ulione.

Ziara ya pili iwe siku ya mechi. Kaa na saa mkononi, uandike kila mtoto wa benchi amecheza dakika ngapi. Hiyo ndiyo taarifa ambayo hakuna atakayekupa kwa mdomo. Mtoto anaweza kulipiwa kila kitu, akasafiri kilomita 480 hadi Nairobi, akaingia dakika tano za mwisho mwa mechi moja. Kwenye timu ya mtaa angecheza dakika zote kila Jumapili, na ni katika kucheza ndimo anamokua.

Hatua ya 4: Safari, na usiku wa ugenini

Hapa usione haya kuuliza. Mzazi mmoja akiuliza, wengine kumi wanapata nafuu kwa sababu nao walitaka kuuliza. Andika maswali, uyatume, na uombe majibu kwa maandishi.

Tunasafiri na nini, saa ngapi? Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi usiku ni malori kwa malori, na sioni mechi ya watoto inayostahili kuwapitisha humo gizani. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Syokimau, iliyoanza 2017, inachukua kama saa tano hadi sita mchana, na watoto wanafika wamenyooka. Malindi ni kama kilomita 120 tu, mtu huenda akarudi siku hiyo hiyo. Timu inayotaka kulala Malindi kwa mechi mbili ieleze kwa nini.

Watoto watalala wapi? Kama ni bweni la shule, nani mwingine yuko humo? Watoto wa miaka 11 wasichanganywe chumba kimoja na vijana wa 17. Wawepo watu wazima wasiopungua wawili, na mtu mzima yeyote asibaki peke yake na mtoto mmoja chumbani, iwe kocha, daktari wa timu au mfadhili. Timu ya wasichana isafiri na mwanamke anayejulikana na wazazi, awe na simu yake na mamlaka ya kuamua, asiwe wa kupika tu. Omba kuona cheti cha maadili mema cha DCI cha kila atakayelala na timu ugenini. Cheti hicho waajiri wanakiomba kila siku, na mtu anayepewa watoto wa watu ishirini anastahili kuulizwa kuliko karani.

Nasema haya kwa sababu anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye familia inamwamini, wala si mgeni wa barabarani. Kocha mwema hapati hasara yoyote kwa utaratibu huu. Unamlinda yeye pia dhidi ya maneno. Ishara za kuzingatia ni hizi: mtu mzima anayemtumia mtoto ujumbe wa faragha usiku, anayempa zawadi asizopewa wengine, anayetaka kumsindikiza yeye peke yake, anayemwambia "hili tusiwaambie wazazi." Ukiiona mojawapo, mtoto hasafiri. Mfundishe mwanao namba 116, ya bure, ya kuwasaidia watoto, na mkubaliane neno moja ambalo akilisema kwenye simu utajua anataka kuja nyumbani, hata kama kuna mtu kasimama karibu naye.

Uliza pia: mzazi anaweza kufuatana na timu? Si lazima uende. Lakini timu inayowakataza wazazi kuja, au inayowanyang'anya watoto simu safari nzima bila kuwapa muda wa kupiga nyumbani, sitaki mwanangu awe ndani yake.

Akienda, begi lake liwe na nakala ya cheti cha kuzaliwa (cha asili kibaki nyumbani), namba zako mbili za simu zimeandikwa kwenye karatasi, namba yako ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na dawa zake kama ana pumu. Jezi yake ya baridi pia. Watoto wetu wakishuka Syokimau jioni ya Julai hushangaa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa zote

Ada inayotajwa kwenye simu ni kipande kidogo. Kinachomaliza pesa ni nauli ya kila wiki. Kwa mfano, kama kwenda na kurudi mazoezini ni shilingi 200, mara tatu kwa wiki, kwa muhula wa wiki 13, ni shilingi 7,800, na bado hujalipa chochote kwa timu. Nauli ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda Nairobi. Mtoto wa miaka 12 analipa kamili, yaani 3,000 kwenda na kurudi; aliye chini ya hapo analipa nusu. Ukiamua kufuatana naye, ongeza 3,000 zako, gari la kutoka Syokimau hadi uwanjani, malazi na chakula cha siku zote.

Njumu usinunue mpya. Mguu wa mtoto wa miaka 12 hausubiri. Mitumba ya Kongowea ukiamkia mapema utapata jozi nzuri, na vikinga ugoko pia. Mpya nunua akishaacha kukua.

Pesa zilipwe kwa akaunti au namba ya timu, na risiti itolewe kila mara. Kocha anayetaka kila kitu kije kwenye simu yake binafsi, bila mweka hazina, huenda ni mwaminifu kabisa, lakini siku basi halijafika hutakuwa na pa kushika. Uliza kama kuna kamati ya wazazi na lini walisomewa hesabu mara ya mwisho.

Kama hesabu inagusa karo ya ndugu zake, jibu ni hapana, na usilionee aibu. Kama inakaribia tu, mwendee kocha umwambie ukweli. Timu nyingi huwa na watoto wasiolipa au wanaolipa nusu. Mfadhili binafsi anayejitokeza kumlipia mtoto mmoja tu, usimkubali mpaka umjue kwao.

Na hili lisemwe kwa uwazi: usizihesabu pesa hizi kama mtaji. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18. Ukikadiria wachezaji 25 kila timu, ni nafasi 450 nchi nzima, na zinagombewa na wanaume wa kila rika hadi miaka 35. Pwani tuna fahari yetu: Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na Bandari ilimaliza ya pili 2018 na 2019, ikabeba na ngao mwaka huo wa 2019. Mtoto anaweza kuwa mmoja wa hao. Lakini mlipie kwa sababu mpira unamfaa leo akiwa na miaka 12, unampa marafiki, nidhamu na mwili wenye afya. Mtoto anayejua kwamba familia nzima inangoja nyumba ya ghorofa kutoka miguuni mwake hachezi vizuri.

Hatua ya 6: Karatasi unazotakiwa uzisaini

Soma yote. Fomu ya usajili wa timu ni jambo la kawaida. Mkataba wa "meneja" kwa mtoto wa miaka 13 si wa kawaida, usiusaini.

Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache maalumu, mojawapo ikiwa wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hivyo anayekwambia ana klabu Ulaya inayomngoja mwanao wa miaka 14, na anahitaji pesa za viza, anakudanganya au amedanganywa. Mashindano ya watoto ya kweli yapo nje, kama Norway Cup ya Oslo na Gothia Cup ya Sweden, lakini hayo ni ya kwenda na kurudi na timu nzima, na viza hutolewa na ubalozi wala si na kocha. Pasipoti ya mtoto ikae nyumbani hadi siku ya safari.

Umri ndio mtego mwingine. Ukiombwa cheti "kirekebishwe" ili mtoto wa 15 acheze na wa 13, kataa palepale. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kupima umri kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na tarehe mbili tofauti zikishaingia kwenye kumbukumbu zitamfuata kwenye pasipoti na kwenye kila usajili. Tena, fikiria yule wa 13 halisi anayegongana naye.

Kila mwaka hifadhi nakala ya usajili wake: timu gani, tarehe gani. Klabu zinazomfundisha mchezaji kuanzia miaka 12 zina haki ya fidia kwa kanuni za FIFA akija kuwa mchezaji wa kulipwa, na karatasi hizo ndizo ushahidi. Hata timu ndogo ya mtaani kwenu inaweza kufaidika nazo.

Hatua ya 7: Toa jibu

Ukishamaliza hayo, kaeni wazazi wawili, au wewe na dada yako, au yeyote unayelea naye, na karatasi ya wiki iwe mezani. Jibu liwe moja mbele ya mtoto.

Kama ni ndiyo, iwe ya muhula mmoja. Mwambie mtoto na kocha masharti: akishuka sana darasani tunapunguza siku, siku ya mapumziko haiguswi, na safari ya kwanza itakuwa ya kwenda na kurudi siku moja. Muhula ukiisha, angalia mambo matatu: anavyolala, anavyosoma, na kama siku ya mapumziko bado anautafuta mpira mwenyewe uchochoroni. La tatu likikatika, jua timu imemchosha hata kama inashinda.

Kama ni hapana, mwambie sababu ya kweli, si kisingizio. "Njia ni ndefu na utakuwa hulali" ni sababu ambayo mtoto anaielewa, na inampa nafasi ya kuuliza tena mwaka ujao. Usimwambie hana kiwango ikiwa sababu ni pesa. Halafu mwonyeshe njia iliyopo: timu ya mtaa, na mpira wa shule. Michezo ya sekondari ya mpira wa miguu huchezwa muhula wa pili, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa, na mabingwa huenda mashindano ya Afrika Mashariki, bila mzazi kulipa ada ya akademi. Mpigie kocha mwenyewe, usimtume mtoto. "Kocha, mwaka huu hatutaweza. Tafadhali usilifute jina lake." Wengi hawalifuti.

Na kama aliingia kisha mkaamua kumtoa, malizeni deni lolote, rudisheni jezi za timu zikiwa zimefuliwa, na kama alikuwa amesajiliwa rasmi, ombeni barua ya kumwachilia yenye tarehe na sahihi wiki hiyo hiyo. Miezi sita baadaye kocha huenda amehama, na timu mpya itaidai.